Luvenia na Gudulia la Chachu

Luvenia alikuwa na miaka sita. Siku hizo nyumba yake ilikuwa gari la kuvutwa na maksai.

Kwichi-kwichi! Kwichi-kwichi! Magurudumu yalilia njia nzima. Walikuwa wanahamia Nebraska, mbali kweli kweli, ambako Baba alipata shamba.

Bibi hakuja. Miguu yake isingeiweza safari ile. Siku ya kuagana alimpa Luvenia gudulia dogo.

"Humu mna chachu yangu ya unga na maji," alisema. "Ndiyo inayoumua mkate. Iko hai, mjukuu wangu. Ikipigwa na baridi kali, itakufa."

Basi kila jioni Luvenia alijifunika blanketi, gudulia tumboni.
"Lala, chachu, lala. Mimi nipo."

"Ebo!" Baba alicheka. "Wenzake wanalala na mwanasesere. Huyu analala na unga!"

Kwichi-kwichi! Wakavuka mto. Wakavuka mwingine. Kisha nyasi, nyasi, nyasi tupu.

"Tumefika," alisema Baba.
Luvenia alitazama huku na huku. Hakukuwa na mti hata mmoja! Nyumba wataijenga kwa kitu gani?

Baba alilima kwa plau. Chwaaa! Akakata mabonge ya udongo, na nyasi zake juu. Mama akayapanga kama matofali. Luvenia akabeba yale madogo, akachafuka mpaka masikioni.

Nyumba ikasimama. Nyungunyungu mmoja akachungulia ukutani.
"Karibu ndani," alisema Mama.

Theluji ikaanguka. Luvenia akaionea huruma chachu yake. Akaliegemeza gudulia kwenye jiko la moto.
"Ota moto, chachu. Mimi nipo."

Alipofunua, lo! Chachu ilikuwa imeiva. Ngumu, kavu, kimya.

"Mama!" Luvenia alilia kwa uchungu. "Nimeiua chachu ya Bibi!"

Mama hakumgombeza. Alimpakata, akaingiza kidole ndani ya gudulia.
"Upande wa jiko umeiva," alisema. "Upande huu bado mbichi kidogo. Tujaribu, mwanangu."

Kilipatikana kijiko kimoja tu cha chachu mbichi. Mama akakichanganya na unga na maji ya uvuguvugu. Luvenia akaingia na gudulia kitandani.
"Amka, chachu, amka. Mimi nipo."

Siku ya kwanza, kimya.

Siku ya pili, kimya. Luvenia hakutaka hata kucheza.
"Amka, chachu, amka. Mimi nipo."

Siku ya tatu, asubuhi... puk!
Puk! Puk-puk-puk!

"Inapumua!" Luvenia alipiga kelele. Baba akaja mbio, kiatu kimoja mguuni.

Siku chache baadaye, chachu ikajaa gudulia. Mama akakanda, akaoka. Nyumba yote ya udongo ikanukia mkate.

Luvenia alimega kipande, akafumba macho, akatafuna polepole.
"Bibi amefika," alisema.

Mama alifuta machozi, huku anacheka. Akamkatia kipande kingine, kikubwa zaidi.

Luvenia akakila chote. Akapanda kitandani na makombo yake mashavuni, akalala fofofo.