Msuko wa Kushoto wa Mastura

Asubuhi moja Mastura alimaliza kusuka nywele zake, akaitupa misuko yote miwili mbele ya kifua, akaona wa kushoto umekuwa mfupi kuliko wa kulia. Tofauti ilikuwa ndogo, upana wa kidole tu. Aliufumua, akausuka upya kwa kukaza, akapima tena. Bado. Na ncha yake, badala ya kujaa kama ya mwenzake, ilikuwa imechongoka kama mkia wa panya.

"Nimesuka kwa haraka," akajisemea, akafunga kitambaa, akatoka kufagia uani kabla mama mkwe hajaamka.

Mastura alikuwa ameolewa katika mji wa Margilan wakati wa baridi, kwenye mtaa wa wafuma hariri, na alipoingia nyumba ile sifa zake zilikuwa zimemtangulia. Wanawake waliokuja kumtazama bibi harusi hawakuuliza anajua kupika nini. Walimfunua kitambaa, wakaona misuko inayopita magoti, wakashika vinywa. Mama mkwe wake, Bi Saodat, alitembea mtaani siku zile kama mtu ambaye farasi wake ameshinda mashindano. Kwa hiyo nywele zile hazikuwa za Mastura peke yake. Zilikuwa fahari ya nyumba, na zikipungua, nyumba nzima ilikuwa na la kusema.

Zikapungua. Forosadi zilipoanza kudondoka mitini, msuko wa kushoto ulikuwa unaishia kiunoni. Wa kulia bado ulipita magoti, mnene, unang'aa.

"Ni maji ya bomba," Bi Saodat akaamua. "Oshea maji ya mvua."

Akaoshea maji ya mvua. Hazikuacha kukatika.

"Basi mtindi. Mama yangu alioshea mtindi, akazikwa na nywele zake zote."

Akaoshea mtindi. Akapaka mayai, akapaka mafuta ya mbegu za pamba, akabadilisha kitana, akavua foronya ya pamba akavisha mto hariri. Kila alipopita, wifi yake Dilrabo, aliyekuwa amechumbiwa na akishinda akishona nguo za harusi yake, aliziba pua.

"Wifi, jana ulinuka duka la maziwa, leo unanuka mgahawa. Kesho tukupake nini, kitunguu?"

"Nicheke au nilie, Dilrabo?"

"Cheka. Ukilia yatakuja mawazo mengine ya Mama."

Mumewe Botir alirudi kutoka kwenye karakana ya kutia hariri rangi, mikono ya buluu mpaka kwenye viwiko, akamkuta mkewe amekaa mbele ya kioo anazipima kwa uzi.

"Nywele si zitaota tu? Mbona unalia kama kafa mtu?"

"Wewe unajua nini? Zako ziko wapi hata uzungumzie nywele?"

Botir akajipapasa utosi, akatoka kwenda kunywa chai.

Kilichomkera Mastura zaidi ya yote ni kwamba hakuna sababu iliyoingia akilini. Kama ni maji, maji hayajui kushoto na kulia. Kama ni mimba aliyokuwa nayo, ambayo ndiyo kwanza ilianza kuonekana, basi mimba ingekula kichwa kizima. Akalala ubavu wa kulia, akalala chali, akasuka kwa kulegeza, akaacha kusuka. Upande wa kushoto ukazidi kwisha.

Akaenda kwa Zebo, msusi wa sokoni. Zebo alimkalisha dirishani, akaushika ule msuko kwenye mwanga, na maneno yake, ambayo kwa kawaida hayakuwa na kituo, yakakoma.

"Hizi hazijanyonyoka," alisema. "Unywele uking'oka unakuja na kitone cheupe kwenye shina. Hizi zimekatika njiani. Na mkasi haujapita hapa, mkasi unakata sawa. Umewahi kuutia uzi mdomoni ili upite kwenye tundu la sindano?"

"Kila siku."

"Ndivyo zilivyo." Akashusha sauti. "Mna mbuzi pale kwenu?"

"Hatuna mbuzi."

Zebo akaurudisha msuko begani kwa Mastura, taratibu, akajifuta vidole kwenye aproni.

Yakaja majira ya joto kali, yale ambayo mji wote hulala saa za mchana kwa sababu jua hilo si la kufanyia kazi. Mastura alilala kwenye kitanda kikubwa cha uani, chini ya mzabibu, msuko umening'inia ukingoni. Usingizini alisikia sauti aliyoijua tangu utoto: viwavi wa hariri wakila majani, elfu kwa elfu, kama mvua nyepesi juu ya paa. Ilimliwaza. Alipoamka ndipo alipokumbuka kwamba viwavi walishamaliza kujisokota, na nyumba hii haikuwahi kuwafuga. Akashika msuko. Ulikuwa umelowa. Ulinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

Na Dilrabo alikuwa amekaa pale pale ukingoni, mkasi mkononi.

Mastura alisahau adabu zote alizofundishwa kwao.

"Kumbe ni wewe!"

"Mimi nini?"

"Umenionea wivu tangu siku ya kwanza! Unakaa hapa unanichekesha huku unanikata!"

"Wifi, nilikuwa nakata kitambaa, tazama, kitambaa hiki hapa..."

Bi Saodat akatoka ndani kwa kelele zile, akamkuta binti yake analia na mkwe wake anatetemeka, naye akatoa lililokuwa likimkaa kooni siku nyingi. "Usimsingizie mwanangu! Unazikata mwenyewe, unataka kichwa kifupi kama wanawake wa mji mkuu, Tashkenti, halafu unatuchosha na mtindi wetu!"

Siku ile hakuna aliyekula pilau. Sufuria ilipoa na mafuta yakaganda juu.

Kesho yake Dilrabo alikuja na macho yaliyovimba, akaweka mkasi, sindano na kila kitu chenye makali mbele ya Mastura.

"Lala," alisema. "Mimi nitakaa kwenye ngazi ya mlango, mikono yangu iko hapa uione. Kama ni mimi, Mungu asinipe harusi."

Mastura alilala zaidi kwa sababu ya aibu kuliko ya usingizi. Alipofumbua macho, Dilrabo alikuwa bado pale kwenye ngazi, mikono magotini, lakini uso wake ulikuwa mweupe kama unga.

"Usigeuke," Dilrabo alinong'ona. "Wifi, tafadhali, usigeuke. Njoo huku."

"Kuna nini?"

"Msuko wako ulinyooka wenyewe. Ulikuwa umening'inia, halafu ukanyooka, kama kuna mtu chini ya kitanda anauvuta. Na ile sauti... Njoo, wifi, njoo."

Walipomweleza Bi Saodat, hakubisha. Alikaa chini kwenye tofali. Akatazama kitanda, akatazama ukuta, akaomba maji.

"Tanuri la mkate la zamani lilikuwa pale," alisema. "Lilipopasuka tukalivunja, majivu yake yote tukayafukia palepale. Ni mimi niliyesema kitanda kiwekwe juu yake. Nilisema kuna kivuli kizuri." Akamtazama mkwe wake kwa mara ya kwanza tangu ule ugomvi. "Majivu yana wenyewe, mwanangu. Nimekusema vibaya."

Walikihamisha kitanda mpaka upande wa pili wa uani. Mastura akashukuru kwamba hatimaye sababu imepatikana. Mchana uliofuata alilala karibu na mfereji, mbali kabisa, akaamka na msuko uliolowa, unaoishia kwenye kwapa.

Akautupa mto uani. Akaupiga teke.

Ndipo alipoitwa Bi Hosiyat, mwalimu aliyewasomesha wanawake wa mtaa ule Kurani na kuosha maiti zao. Alifukiza majani makavu ya isiriki mpaka moshi ukawatoa wote machozi, akasoma Ayatul Kursi katika kila pembe, akapuliza kwenye maji, wakayanyunyiza. Alipokuja tena kutazama, msuko ulikuwa begani. Akaushika, akaupima kwa macho kuelekea juu, shingoni, na Mastura akamwona anahesabu kitu asichotaka kukisema.

"Ni albasti," alisema. "Jini jike, mwenye nywele za manjano. Moshi wangu ameuzoea, ameishi kwenye moshi miaka yote. Na hatafuti nywele, mwanangu. Nywele ni kamba tu. Anapanda."

"Anapanda kwenda wapi?"

Jicho la Bi Hosiyat lilishuka mpaka kwenye tumbo la Mastura, likakaa hapo. Bi Saodat akaanza kulia kimyakimya.

"Hana dawa?" Mastura akauliza.

"Nguvu zake ziko kwenye nywele zake mwenyewe. Anayezishika amemshika. Atalia, atabembeleza, ataahidi, na akila kiapo kwa jina la Nabii Suleimani hawezi kukivunja. Lakini sijamwona mtu aliyethubutu kunyoosha mkono."

Botir alitaka kumrudisha mkewe kwao siku ileile. Mastura akakataa. "Aliyehama na kitanda atahama na mimi," alisema. "Nimechoka kuhama. Nimechoka na mayai."

Mchana wa siku iliyofuata walikirudisha kitanda mahali pake pa zamani. Bi Saodat na Dilrabo walikaa nyuma ya mlango, wameshikana mikono, na Mastura akalala chali chini ya mzabibu, akafumba macho, akakiacha kipande kile cha msuko kilichobaki kikae ukingoni. Nyigu walikuwa wakivuma kwenye zabibu. Kisha nyigu wakanyamaza, na maji ya mfereji nayo yakawa kama yamenyamaza, na ile harufu ikaja, majivu yaliyolowa, ikapanda kidogo kidogo kutoka chini ya mbao mpaka ikamjaa kooni, na baada ya harufu ikaja sauti ya viwavi, si elfu tena bali mmoja, mkubwa, anayetafuna polepole bila haraka kwa sababu anajua jani limebaki dogo na halina pa kukimbilia, na Mastura akahisi pumzi kwenye shavu lake, baridi katika joto lile, na vidole vyepesi kama vya mtoto vikitembea kutoka sikioni kwenda shingoni, kutoka shingoni kwenda kifuani, vikishuka, vikipapasa, vikitafuta, mpaka vikatua juu ya tumbo vikatulia, na ndani ya tumbo mtoto, ambaye hajawahi kucheza, akacheza.

Akafumbua macho. Nywele za manjano zilikuwa zimemfunika kama pazia, na nyuma yake kulikuwa na meno madogo, mengi, na uzi mweusi wa nywele umekwama katikati yake.

Angeweza kuzimia. Baadaye alisema hofu ilikuwepo, ila mbele ya hofu kulikuwa na mtindi, na dirisha la Zebo, na pilau iliyoganda, na machozi ya Dilrabo, na kila asubuhi aliyokaa mbele ya kioo akijiuliza amekosea nini. Aliingiza mkono kwenye zile nywele za manjano, akazizungusha kwenye ngumi kama mtu anayekamata hatamu za farasi, akavuta kwa nguvu zake zote.

Kiumbe kile kikalia.

"Mkwe wangu, ni mimi, unaniumiza!" Ilikuwa sauti ya Bi Saodat.

Mastura akavuta.

"Wifi! Wifi, niache, nakata kitambaa tu!"

"Dilrabo yuko nyuma ya mlango," Mastura alisema huku meno yakigongana. "Sema kwa sauti yako."

Sauti yake yenyewe ilikuwa nyembamba na ya uzee. "Niache, nikutumikie. Nikuchotee maji, nikuokee mkate, nikulelee mtoto."

"Mtoto wangu usimtaje! Apa. Kwa Nabii Suleimani. Hutanigusa mimi, wala mwanangu, wala mtu yeyote wa nyumba hii."

"Wala mtu yeyote wa nyumba hii," albasti akarudia, na akaapa.

Mastura akafungua ngumi. Kitanda kikatikisika mara moja, nyigu wakaanza tena kuvuma, na kiganjani mwake palibaki mistari myekundu iliyokaa siku nyingi kama aliyeungua kwa kamba.

Zebo alimkata msuko wa kulia ukalingana na wa kushoto. Bi Saodat alikusanya zile nywele, akazibusu, akazifukia mwenyewe chini ya waridi, wala mtaani hakumwomba mtu radhi kwa kichwa kifupi cha mkwe wake. Wakati wa theluji ya kwanza Mastura alijifungua mtoto wa kike, salama, na nywele zake zikaota pande zote mbili, sawasawa.

Masika Dilrabo akaolewa, mtaa wa nyuma ya msikiti. Walimlilia, wakamsindikiza kwa matari, na Bi Saodat akasema wanalosema kina mama wote: binti ni mgeni, sasa amefika kwao.

Joto kali liliporudi, Dilrabo alikuja kuwatembelea. Mama yake alipoingia jikoni kupika chai, alivua kitambaa.

"Wifi," alinong'ona, "mama mkwe anasema nazikata mwenyewe."

Msuko wake wa kushoto ulikuwa unaishia kiunoni.

Mastura aliutazama. "Mchana ukilala, unasikia nini?"

"Viwavi," alisema Dilrabo.

Mtu yeyote wa nyumba hii. Mastura aliyasikia maneno yake mwenyewe, kwa sauti ile nyembamba ya uzee, iliyoyarudia bila kupunguza neno. Akasimama. Akaingia jikoni, akamweka binti yake mapajani mwa Bi Saodat, akajifunga kitambaa kwa kukikaza.

"Mama, nishikie mtoto."

"Unakwenda wapi na jua hili la utosini?"

"Kwa kina Dilrabo," alisema Mastura, akikunja mikono ya gauni lake. "Nakwenda kulala."