Nilimwambia Mtoto Anyamaze

"Baba! Baba, lori!"

Ni binti yangu wa miaka saba, akipiga kelele kiti cha nyuma.

Mbele yangu taa mbili kubwa. Zinakuja moja kwa moja, upande ambao mimi nilikuwa na uhakika kabisa ni wangu!

"Kulia! Nenda kulia, mume wangu!"

Mke wangu akaushika usukani akauvuta. Gari likaruka ukingo wa barabara, likatua kwenye mtaro wa majani. Lori likapita likipiga honi mpaka lilipoishia kwenye kona.



Nikageuka nyuma. Mtoto mzima. Mke wangu mzima.

Ndugu zangu mnaosoma, nyumbani nimeendesha gari miaka kumi na moja. Hata kuku sijakanyaga. Lakini kwetu tunapita kushoto na usukani uko kulia. Huku ugenini kila kitu kimegeuzwa. Wiki ya kwanza nilikuwa natafuta gia kwa mkono wa kushoto, napapasa mlango. Mwalimu wangu wa udereva alicheka mpaka akafuta machozi.

"Kaka, huo mlango hauna gia ya tatu!"

Nilijifunza polepole. Kila jioni niliandika makosa yangu ya siku kwenye daftari. Kwenye foleni sikuwa na shida, maana unamfuata aliye mbele. Hatari ni barabara tupu. Jumapili hiyo ya lori, asubuhi, nilitoka kituo cha mafuta, hakukuwa na gari hata moja la kufuata, na mikono ikanipeleka kushoto yenyewe. Kichwa hakikuulizwa.

Mtihani wa leseni ya huku ulikuwa Alhamisi iliyofuata; hadi hapo niliruhusiwa kuendesha nikiwa na mke wangu tu, kwa kuwa yeye anayo leseni. Kuna kampuni inayofua mashuka ya hospitali ilikuwa imenishikia kazi ya udereva mpaka mwisho wa mwezi. Miezi mitano nilikuwa nyumbani naosha vyombo, mke wangu akitoka kazini amechoka. Nilikuwa naitaka kazi ile kuliko chakula.

Kwa hiyo palepale mtaroni nikasema, "Hili libaki humu ndani ya gari. Mmenisikia?"

Mke wangu akageuka kumlegezea mtoto mkanda.

Nikamgeukia mtoto. "Na wewe mama, usimwambie mtu. Hata rafiki zako. Sawa?"

"Sawa, baba."

Jumanne mwalimu wa udereva akanipigia. Safari hii hakucheka.

"Kaka, mtihani wako umesimamishwa. Unaanza mafunzo upya, wiki sita."

"Kwa nini?!"

"Tumepigiwa simu kuhusu Jumapili. Aliyepiga ni mwanamke. Amesema anahofia mtoto."

Mwanamke... anayehofia mtoto!

Jamani, nyinyi mngemfikiria nani?

Nilimsubiri mke wangu mlangoni. Hata viatu hajavua.

"Ni wewe uliyepiga simu chuo cha udereva?"

Akanitazama. Akatazama chumba cha mtoto, mlango ulikuwa wazi kidogo.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi."

"Mke wangu mwenyewe!"

"Chakula kiko jikoni, ukipashe."

Basi! Hakujitetea, hakulia, hakuomba msamaha. Mimi si mtu wa kelele, nikanuna. Siku tatu. Salamu naitikia kwa kichwa. Chai akiniwekea naiacha inapoa mezani, aione.

Mtoto naye akapoa. Anakula matonge mawili anasema ameshiba. Nikajisemea anasikitika kwa sababu mama yake amenisaliti. Ona akili yangu ilipofika!

Ijumaa mke wangu alichelewa kazini, nikaenda kwa miguu kumchukua mtoto shuleni. Mwalimu wake wa darasa, mama mmoja mpole mwenye miwani, akanifuata getini.

"Baba, naomba radhi kwa ile simu."

"Simu gani, mwalimu?"

"Ya chuo cha udereva. Mwanao Jumatatu alikataa kupanda basi la shule kwenda maktaba. Alitetemeka, akatapika. Nilipombembeleza akanieleza lile lori. Kisha akaniomba nisiseme, eti baba atakosa kazi kwa sababu yake. Nilimwambia mama yake kabla sijapiga. Hakukwambia?"

Nilishika nguzo ya geti.

Njiani mtoto alinishika mkono. Akauliza, sauti ndogo:

"Baba... bado umemnunia mama?"

Nilipiga magoti palepale pembeni ya njia, nikamwambia alichokifanya ni sawa, na aliyekosa ni mimi. Alinitazama usoni, kama anayepima iwapo baba anasema kweli.

Mke wangu aliporudi, nilimpokea mfuko.

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

Akakaa, akavua viatu taratibu.

"Mimi ungeninunia wiki, ikaisha. Yeye angekumbuka maisha yake yote kwamba alimkosesha baba yake kazi."

"Ungeniambia baadaye, basi."

"Uliniuliza mara ngapi?"

Mara moja tu. Tena kwa hasira, mlangoni.

Kazi ile alipewa mwingine. Nimeanza mafunzo upya, somo la kwanza kabisa. Mtoto bado hataki kupanda gari nikiwa mimi ndiye dereva, na simlazimishi. Tunatembea.

Wenzangu, mtu wa nyumbani kwako akikubali kosa haraka bila hata kujitetea, usione umeshinda. Tulia, umuulize anamkinga nani.