Homa Waliyoiita Mimba

"Weka ndoo chini! Mama Kijacho habebi maji!"

Seremala alimpokonya mchumba wake ndoo huku anacheka. Mchumba huyo, msusi, hakucheka. Asubuhi yote hii gauni limeloa jasho, anahema kama katoka mbio.

Wifi yake ndiye aliyeanza: "Uchovu, joto, chakula hakipiti? Kaka, umefunga goli!" Nyumba nzima ikashangilia.

Msusi alijua hana mimba. Lakini mimba ilikuwa tamu kuliko ukweli: alizaliwa na tundu la moyo, na kovu lake la kifuani halikuwa la uji wa moto kama alivyomdanganya mchumba wake.

Ujumbe wa dada yake ukaingia: "Umemwambia?"

"Ataniacha."

"Bora uachwe ukiwa hai!"

Kabla hajajibu, miguu ikamkataa. Akaanguka.

Hospitalini daktari akauliza, "Mimba ina muda gani?"

"Miezi miwili," seremala akajibu, kifua mbele.

"Hakuna mimba," msusi akasema, macho sakafuni. "Nilizaliwa na tundu la moyo. Nilipasuliwa utotoni, wakaliziba."

Seremala akamgeukia. "Unasema?"

Daktari akaacha kuandika. "Umeng'oa jino karibuni?"

"Mwezi uliopita."

"Ulimwambia daktari wa meno habari za moyo?"

"Hapana. Mchumba wangu alikuwa amenishika mkono."



"Nahofia wadudu wamepitia kwenye fizi wakaweka kambi kwenye vali, kile kilango cha moyo," daktari akasema. "Tunapima damu sasa hivi. Dawa ni ya mshipani, kwa wiki kadhaa. Mngechelewa zaidi..."

Seremala akatoka. Mlango ukajibamiza.

Msusi akamwandikia: "Nisamehe." Ujumbe ukasomwa. Haukujibiwa. Kila kishindo cha viatu koridoni kilimfanya ainue shingo.

Jioni seremala akaingia, kashika kanga na mswaki.

"Nimemwambia mama hakuna mjukuu. Amelia, kisha kanitukana."

"Na wewe?"

"Nina hasira hapa nilipo! Ulitaka nikuzike bila kujua ulichokufa nacho?"

"Niliogopa utanikimbia."

"Nilikimbia kweli. Nimefika getini, nikaona sina pa kwenda."

Muuguzi akachungulia. "Muda wa wageni umekwisha. Wewe kaka ni nani wake?"

"Mumewe."

"Mwongo huyo," msusi akanong'ona, machozi yanamtoka. "Hajanioa."

"We mwanamke, umenidanganya tangu tujuane. Niachie na mimi uongo mmoja tu. Ukipona nitauhalalisha."

Muuguzi akatikisa kichwa, akamsogezea kiti.