Kitufe cha Sebuleni kwa Mjomba

Nina degree ya ujenzi na miaka minne ya kukaa bure. Ndiyo maana mjomba aliponiahidi kazi kwa rafiki yake, nilikubali kumkarabatia fleti bila malipo. Jengo lilikuwa la enzi za kati ya vita vikuu viwili: dari ya juu, sakafu ya mbao, na ukutani sebuleni kitufe cha shaba. Mabwana wa zamani walikibonyeza, kengele ikalia jikoni, mtumishi akaja mbio.

Jumatatu nilipima. Jikoni, kwa nje mita nne. Kwa ndani tatu.

"Mjomba, kuna chumba kimezibwa nyuma ya ukuta huu. Tuubomoe kwanza tuone."

"Piga plasta, injinia wa makaratasi. Nataka makabati ya kisasa, sitaki lecture."

Nikapiga. Nyaya za kengele nikazing'oa zote kwa mkono wangu, nikazitupa. Kitufe alikibakiza, eti urembo. Urembo gani? Kila akikaa kitini anakibonyeza, halafu anaiga mlio mwenyewe: "Driiing! Graduate, maji!" Nami, mjinga, napeleka.

Ijumaa asubuhi kazi iliisha. Jua limejaa sebuleni. Nikamuuliza kuhusu ahadi yangu.

"Kazi gani tena? Si hii unayo?" Akacheka hadi tumbo likacheza. Akabonyeza. "Driiing! Chai!"

Jikoni kengele ikalia.

Ikalia kweli.

"Umerudisha nyaya?" akanong'ona.

"Hazipo, mjomba."

Halafu sauti ya mwanamke. Nyuma ya plasta yangu. Yenye adabu.

"Abee, bwana."

Mjomba alitoka peku. Fleti akaiuza wiki ile ile, na kazi yangu ikafa hapo hapo. Sorry hata moja sikupewa.

Mwezi uliopita nikamfuata kwenye nyumba yake mpya, kila kitu kinang'aa, hata kengele ya mlangoni kaing'oa. Nilimkuta sebuleni, amekonda, anaongea kwa kunong'ona. Huruma sikuwa nayo.

"Mwite mkeo," nikamfokea. "Asikie ulichoniahidi!"

Akatikisa kichwa.

"Mwite!"

"Siiti mtu siku hizi," akanong'ona. "Nikiita, anawahi kuitika yule."

Nikatazama chini. Kwenye vigae vyake vipya, nyayo nyembamba za vumbi la plasta zilitoka ukutani hadi nyuma ya kiti chake.

Za kurudi hazikuwepo.