Mistari Iliyosogea Kulia

Asubuhi ile Telesia alipowasha kompyuta, alikuta mistari yake imesogea.

Hakuna kilichofutika. Kila neno lilikuwepo, kila alama ilikuwepo, ila mistari ya katikati ya ukurasa ilikuwa imesukumwa kulia, ikaacha upande wa kushoto mtupu. Akadhani ni uchovu wa jana yake. Akairudisha mahali pake, akahifadhi, akaendelea na kazi.

Ilikuwa mwaka 1999, na kompyuta ile ndiyo ya kwanza kuingia katika ofisi ya mizigo ya Abasi pale Makambako. Abasi alikuwa ameanza na lori moja bovu biashara binafsi ziliporuhusiwa. Sasa malori yake yalishuka Dar na kupanda Songea, naye alitaka stakabadhi zitoke kwenye mashine. Telesia, binti wa wakulima wa Uwemba aliyesomea kompyuta mjini, ndiye aliyeajiriwa kuandika programu hiyo. Alipewa chumba kipya cha nyuma, akakaa humo na Safina, mdogo wake Abasi, aliyekuwa anajifunza kuchapa.

Kesho yake mistari ilikuwa imesogea tena.

"Safina, umegusa kazi yangu?"

"Mimi? Dada Telesia, hata kuiwasha naogopa."

Telesia akaishughulikia kama alivyofundishwa. Alifungua mipangilio, akakuta kitufe cha Tab kinaruka nafasi nane, akaweka nne. Haikusaidia. Akaondoa Tab zote, akaingiza nafasi moja moja kwa mkono. Haikusaidia. Akabadilisha aina ya herufi na ukubwa wake. Mwishowe akachapa ukurasa kwenye printa, na kwenye karatasi mistari ikatoka imenyooka, kila mmoja mahali pake.

Alicheka kwa nafuu. "Kumbe tatizo ni kioo tu!"

Abasi akaagiza kioo kingine kutoka Iringa. Kikafungwa, kikawashwa. Mistari ilikuwa bado kulia, na pengo lilikuwa limeongezeka upana.

Kuanzia hapo chumba kikawa na harufu. Ilikuwa kama ya nywele mbichi zilizotupwa kwenye makaa. Safina alifungua dirisha, baridi ikaingia, harufu isitoke. Mara nyingine walisikia kiti kikilia, na wote wawili walikuwa wamesimama.

Alasiri moja, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati ya soko, Telesia alikumbuka kwamba ile programu ya kuandikia ina uwezo wa kuonyesha alama zisizoonekana, kila nafasi ikawa kinukta na kila Tab ikawa mshale. Akauwasha uwezo huo, vinukta vikajaa ukurasa mzima, juu, chini, katikati ya maneno, lakini kwenye lile pengo la kushoto hapakuwa na kinukta hata kimoja, hapakuwa na kitu chochote kinachoisukuma mistari, na alipozidi kutazama mahali vinukta vilipoishia akaona vinapinda kuzunguka kitu chenye kichwa, ikafuata shingo, yakafuata mabega mapana yaliyoshuka hadi ukingo wa kioo.

Nyuma yake Safina alinong'ona, "Dada."

"Nini?"

"Huyo aliyekaa kati yako na kompyuta ni nani?"

Telesia hakugeuka, hakuweza kugeuka, na alipoinua mkono polepole kutaka kuizima mashine mkono ukaingia kwenye baridi nzito kama maji ya kisimani, akausikia mguno wa mtu aliyeguswa kidonda, na papo hapo Safina akaanguka sakafuni akipiga visigino, macho yamepinduka, akilia kwa sauti ya mwanamume mzima.

Abasi alikuja mbio. Akamtuma dereva aende Kitandililo kumleta Maalimu Fahadi, aliyekuwa akiwasomea wagonjwa. Mzee yule alivua viatu mlangoni, akanusa hewa, akakunja uso. Akakaa chini, akashika kichwa cha Safina, akasoma hadi mate yakamkauka.

"Unataka nini kwa huyu binti?"

"Nafasi yangu," ile sauti ikajibu kinywani mwa Safina. "Nilikuwa hapa pakiwa pori. Mkajenga juu yangu, nikanyamaza. Nikajibana palipobaki. Sasa huyu anayeandika, kila nikijipatia pa kukaa, ananirudishia maneno yake kifuani. Kila asubuhi. Yanachoma."

Telesia alijiegemeza ukutani. "Sikujua," alisema. "Wallahi sikujua." Hakuwahi kuapa hivyo maishani mwake.

"Chumba hiki tutakuachia," Abasi alisema huku analia. "Tutahama. Mwache Safina."

"Chumba kimeshanuka watu. Sikitaki."

"Basi ondoka!" Maalimu akapaza sauti. "Ardhi ya Mungu ni pana. Usimguse tena binti huyu!"

Kisha kichwa cha Safina kikageuka taratibu mikononi mwa mzee, macho yake yakapita kwa Abasi, yakasimama kwa Telesia, yakatulia hapo muda mrefu. Mwili ukalegea. Alipofumbua macho tena alikuwa Safina, akiomba maji.

Abasi alihamisha ofisi wiki ileile. Telesia hakuifuata. Aliacha kazi, akarudi Uwemba kwa wazazi wake, akalala usingizi mzuri, na mama yake akaanza kumwona akicheka tena.

Jumapili alikwenda misa. Kanisa lilifurika, watu walibanana kwenye mabenchi, wengine wakasimama ukutani, ila pembeni yake nafasi ilikuwa wazi. Bibi Tereza, jirani yao, akachelewa kuingia, akaja moja kwa moja kuelekea hapo. Akafika, akasita.

"Kamwene, mwanangu," alimsalimia kwa kunong'ona. Kisha akainama kidogo kwa heshima, akiielekea ile nafasi. "Samahani, baba. Kaa tu. Sikujua Telesia amekuja na mgeni."

Akaenda kusimama nyuma. Telesia aliendelea kutazama altare, na pembeni yake ubao wa benchi ukalia, mtu alipojisogeza karibu.