Mdhamini wa Sagal

Siku ya kwanza kabisa Sagal alimwita Masinde mjinga, na kusema kweli hakukosea. Ilikuwa Kariokor, saa nne asubuhi, soko zima ni nyundo na kelele. Masinde, fundi wa mikoba, alikuwa amekumbatia ngozi ya mbuzi huku akimbembeleza muuzaji apunguze bei. Msichana mwenye dera la samawati na mtandio wa rangi ya haradali akasimama kando yake, akaigusa ile ngozi kwa kidole kimoja.

"Hiyo ukishona itapasuka. Ona, kisu kimeingia hapa. Aliyechuna alikuwa na haraka."

"Wewe ni nani, daktari wa mbuzi?"

"Baba yangu anachinja mbuzi kule Kiamaiko. Mimi ndiye nauza ngozi zake. Na wewe ni mjinga tu mwenye mikono mizuri."

Wiki hiyo hiyo akamletea ngozi safi, na wiki iliyofuata akarudi bila ngozi yoyote. Simu nazo hazikupoa. "Umekula, macaanto?" Masinde angeuliza, akijaribu kumwita mpenzi kwa Kisomali, na Sagal angecheka mpaka apaliwe. "Kisomali chako kinaumwa, mpenzi. Kipeleke hospitali." Walipendana hivyo miezi minane.

Kisha miguu ya Mama Khadro, mamake Sagal, ikakataa ngazi. Familia ilikaa ghorofa ya nne, na mama hakuwa ameshuka chini tangu Machi. Masinde aliishi Kaloleni, kwenye zile nyumba za zamani zisizo na ghorofa, na jirani yake Beldina alikuwa na nyumba tupu. Beldina akakubali kuwapangisha. Ikabaki fomu ya kamati ya mtaa.

Fomu! Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Mluhya akihamia Kaloleni anapewa ufunguo. Mjaluo, ufunguo. Mkamba, ufunguo na chai. Msomali, tangu Januari, anapewa fomu: amtafute mwenyeji asiye Msomali amdhamini kwamba ni mtu mwema. Mwenyekiti Nahashon alisema ni mambo ya usalama, na mikono ikainuka ukumbi mzima. Na katibu aliyeandika uamuzi huo kwa kalamu yake ni nani? Masinde! Hakuinua mkono, la. Aliandika, akanyamaza, akaenda nje kumpigia mpenzi wake simu kumuuliza kama amekula.

Sasa akaijaza fomu mwenyewe, akampelekea Sagal Kariokor akitabasamu kama mtu aliyeleta zawadi. Sagal akasoma kwa sauti.

"'Namfahamu Sagal. Yeye si kama wale wengine.' Wale wengine ni akina nani, Masinde?"

"Bebi, ni maneno tu. Nahashon anapenda kusikia hivyo. Nyumba ni yenu!"

"Ni nani? Mama? Ama ni kaka yangu Abdijabar, anayewafundisha watoto wenu hesabu?"

"Aki nilikuwa nakusaidia."

"Na hapa chini, katibu wa kamati, jina lako. Kumbe fomu ni yako!" Mafundi waliokuwa karibu waliacha kugonga. "Mimi nimezaliwa Pumwani. Wewe umeshuka basi la Bungoma juzi. Ulipohamia, nani alikudhamini?"

"Hakuna."

"Hakuna! Halafu unanidhamini kama mshukiwa anayetolewa kituoni!" Akaichana vipande vipande. "Usinipigie."

Alipiga. Mara kumi na moja. Ya kumi na mbili Sagal akashika.

"Pole, macaanto."

"Usiniite hivyo. Pole ya nini?"

"Ya... kukuudhi."

Sagal akakata. Kukuudhi! Jamani, mtu anaweza kuwa mzito hivi?

Ilimchukua Masinde wiki nzima kujua pole yake ni ya nini. Jumapili, baada ya kanisa, akasimama ukumbini mbele ya watu wote.

"Mimi nilihamia hapa na godoro moja na kesi ya kupigana Bungoma. Hakuna aliyeniuliza lolote. Nani hapa ana mdhamini? Ainue mkono."

"Keti, Masinde," Nahashon akasema. "Mapenzi yamekulevya."

"Sheria hii ni ya ubaguzi, na nilijua hivyo nikiiandika. Niliogopa mtanicheka. Sasa chekeni. Mimi siandiki tena." Akaweka kitabu cha kumbukumbu mezani. Walicheka kweli. Mmoja akapaza sauti, "Shemeji wa Wasomali!" na sheria ikabaki palepale.

Beldina akamsimulia Sagal. Sagal akampigia Masinde.

"Nasikia umenisemea tena."

"Sikukutaja. Nilisema yangu. Hata ile kesi ya Bungoma."

"Kesi gani?" Akaelezwa, akacheka, kisha akakumbuka amekasirika. "Sheria wameitoa?"

"Hapana."

"Basi usingoje pongezi. Jumamosi tunahamia. Fomu sina, na sitaki uniongelee. Wewe utabeba kitanda."

Jumamosi adhuhuri, Nahashon alikuwa amesimama mlangoni pa ile nyumba ya Beldina na wanaume wawili. Sagal alivaa dera jekundu, lile la harusi za watu.

"Fomu iko wapi?"

"Leta yako kwanza, mwenyekiti. Na ya mke wako. Nikizishika mkononi, nitajaza yangu."

Nahashon akamgeukia Masinde. "Bwana, ongea na mtu wako."

Masinde akakiweka sawa kitanda kichwani. "Ameshaongea," akasema. "Amekuuliza swali."

Beldina akafungua mlango kwa kishindo, na Mama Khadro akapita katikati ya wale wanaume na mkongojo wake, bila kuomba njia.

Ndani, Sagal akamkabili Masinde. "Bado nimekasirika."

"Najua."

"Na hawa watarudi kesho."

"Watanikuta."

"Usidhani hiyo ni posa."

"Na ikiwa ni posa?"

"Basi kaseme na baba pale machinjioni, mbele ya wenzake. Atakuuliza jambo moja tu: mikono ilipoinuka, wewe ulikuwa ukifanya nini?"

Masinde hakutazama pembeni. "Nilikuwa nikiandika."

Sagal hakumsifu. Alishika upande wa pili wa kitanda, wakakiteremsha pamoja.