Sindano Nyembamba ya Mzee Geresoni

Yaliyomkuta mjomba wangu Geresoni pale Kawetele nayasimulia kama nilivyoyaona, maana siku ile nilikuwa sebuleni kwake.

Mjomba ni mstaafu wa kiwanda cha chai. Mkewe, Tulinagwe, alifariki mwaka juzi, na sauti yake ilibaki mahali pamoja tu: kwenye santuri ya kwaya aliyoimba akiwa msichana. Lakini kwenye pleya ya mjomba, kwaya nzima ilisikika kama watu waliofungiwa chumba cha pili. Huwezi kujua nani ni nani. Akaenda Makandana kwa Husseni, fundi redio.

"Kichwa cha sindano kimechoka, mzee," Husseni alimwambia. "Na ncha yake ni butu, inapita juu juu ya mfereji wa santuri. Ukitaka kumsikia kila mtu, weka nyembamba. Ile inashuka mpaka chini."

Mjomba alianza na ya wastani. Alinipigia simu akilia kwa furaha. "Nimempata! Namsikia hata anavyovuta pumzi kabla ya ubeti."

Angeishia hapo. Ila alidai kuna neno mkewe analisema kati ya wimbo na wimbo, halikamatiki. Husseni akamwagizia Dar sindano nyembamba kuliko zote.

Siku ya kuijaribu tulikuwa watatu: mjomba, binti yake Monica, na mimi. Ilikuwa mchana. Mvua ilikuwa imekatika na ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Mjomba akaishusha sindano taratibu.

Kwaya ikafunguka. Besi huku, soprano kule, mtu akikohoa nyuma. Wimbo wa kwanza ukaisha.

"Geresoni."

Monica alinikamata mkono. Ilikuwa sauti ya mama yake, lakini si ya usichana. Ni ile ya mwishoni, ya kitandani.

"Geresoni, funga mlango."

"Mke wangu," mjomba alinong'ona, "uko wapi?"

"Funga. Anayekuja siyo mimi."

Monica alikimbia, akaufunga mlango, akasukuma komeo. Tukasikiliza.

"Hodi," mtu akasema barazani.

Sauti ile ile.

"Baba Monica, nifungulie. Nimelowa."

Mjomba akainuka. Nilimshika kiuno, akanikokota hadi mlangoni.

"Baba, usifungue!"

"Ni mama yako huyo."

"Mama yuko humu," Monica alisema, akiionyesha santuri.

Mkono wa mjomba ulikuwa juu ya komeo. Hodi ikarudiwa, polepole, karibu kabisa na mbao.

Wimbo wa pili ukaanza. Aliyekuwa nje naye akaimba.

Akakosea maneno.

Alirudia ubeti. Akakosea tena.

"Tulinagwe hakosei," mjomba alinong'ona. Akaliachia komeo. Akakaa chini sakafuni, akalia. Nje pakawa kimya.

Hatukufungua mpaka asubuhi. Baraza lilikuwa kavu, halina unyayo hata mmoja. Lakini kwenye mlango ule mrefu wa kizamani, upande wa nje, juu kabisa, palikuwa na alama ya unyevu yenye umbo la sikio, kama mtu aliyejibanza pale kusikiliza.

Mjomba ameupiga randa mlango ule mara mbili, akaupaka rangi. Alama inarudi. Hata jua la kiangazi haliikaushi. Nilitaka kuigusa kwa kidole, na kuifikia ilibidi nipande juu ya meza.